Albamu ya solo imekuangusha? Namna ya kuisikiliza kabla hujaigawa bure

Ngoja nianze na yaliyonikuta mimi. Mwaka 2002 Geoff Tate, mwimbaji wa Queensrÿche, bendi ya Marekani ya muziki wa metali, ule wa magita ya kelele, alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, hata jina hakuipa, imeitwa Geoff Tate tu basi. Mie kipindi hicho nilikua nimeimeza bendi yake nzima, kuanzia kanda mpaka CD, ile Operation: Mindcrime ya 1988 nilikua naijua kwa moyo tangu tangazo la hospitali la mwanzo mpaka pumzi ya mwisho. Binamu yangu alieko nje akaniletea hiyo solo alivyokuja likizo. Sikuifungua mchana. Nikasubiri usiku watu wamelala, nikavaa hedifoni, nikazima taa kabisa kama mtu anaefanya maombi.

Wimbo wa tatu nikawasha taa. Nikakagua waya wa hedifoni kama umechomoka upande mmoja, maana nilikua namsikia mtu ninaemjua vizuri lakini kama yuko chumba cha pili anamwimbia mtu mwingine. Waya ulikua mzima.

Tangu hapo nimeshaangushwa na waimbaji kadhaa wa metali ya progresivu, yani metali ya midundo migumu ya kuhesabu, hawa wenye sauti za kupasua anga ambao wakitoka nje ya bendi zao kutoa kazi binafsi unabaki unajiuliza nani kakuuzia hii. Na taratibu nikajifunza kuna namna ya kuzisikiliza. Huu sio mwongozo wa kujilazimisha kupenda, kama ni mbovu ni mbovu. Ni wa kujua imekuangushia wapi hasa, maana "albamu mbaya" sio jibu, ni sawa na kwenda kwa daktari ukasema "naumwa" halafu ukanyamaza. Nitaitumia hiyo ya Tate kama mfano mwanzo mwisho kwasababu ndo niliyoteseka nayo muda mrefu, wewe weka ya kwako hapo.

Anza na tarehe, wimbo baadae

Kabla hujabonyeza kitu jiulize huyu mtu kaitoa hii akiwa wapi kwenye safari yake. Sisi mashabiki tuna tabia moja mbaya sana, tunamgandisha mwimbaji kwenye mwaka tuliompenda. Kwangu Tate aligandia 1988. Kuna wazee wao kagandia 1983 kwenye lile yowe la kufungua wimbo wa Queen of the Reich, sauti inapanda mpaka unahisi glasi za kabatini zimeshikana mikono. Sasa lile yowe kalipiga kijana wa miaka ishirini na kitu, na albamu ya solo kaitoa baba wa miaka 43.

Na katikati hapo yamepita mengi. Hawa jamaa wametokea Bellevue, jirani na Seattle, wakatoa The Warning 1984, Rage for Order 1986, halafu Mindcrime, halafu 1990 ikaja Empire ndo ikawatoa kabisa kabisa, wimbo wake Silent Lucidity ukafika namba 9 kwenye chati ya Billboard na albamu ikauza zaidi ya kopi milioni 3 Marekani peke yake. 1994 Promised Land, ina giza lake ile, mie naipenda kuliko wengi wanavyoipenda. Alafu upepo ukageuka, muziki wa grunge ambao nao umezaliwa hapohapo Seattle ukawa umeshafagia kila mwenye nywele ndefu na sauti ya juu, 1997 wakatoa Hear in the Now Frontier, muda si mrefu lebo yao ikafungwa, na mpiga gita Chris DeGarmo akaondoka kwenye bendi. Q2K ya 1999 wameifanya bila yeye na inasikika hivo hivo, bila yeye.

Kwahiyo ile solo haikutoka kileleni. Imetoka kwa mtu ambae bendi imeshapoteza mwandishi wake mkubwa, ambae kapiga kelele za metali miaka 20 na pengine anataka kuvua koti akae na fulana kidogo. Ukishalijua hilo nusu ya hasira inaisha. Nusu nyingine inabaki na hiyo ni halali yako, tutaifikia.

Mara ya kwanza usivae hedifoni

Najua inauma, hela umetoa, bando limeisha, unataka ujifungie. Usifanye. Mara ya kwanza ipige kwenye spika ukiwa una kazi mkononi, unaosha vyombo, unapiga pasi, unachambua mboga. Metali ya progresivu imetuzoesha kukaa na muziki kama mtihani wa hesabu, unahesabu midundo, hapa saba hapa tano, hapa wamerudia ile melodi ya wimbo wa pili ila kwa kinanda. Albamu nyingi za solo za hawa waimbaji hazijatungwa ili zifanyiwe mtihani, ukizikalisha kwenye dawati zinafeli zote. Ile ya Tate ni pop iliyochanganywa na roki, ya kikubwa, kuna midundo ya kompyuta, kuna mahaba ya polepole, nyimbo 11 za mtu ambae inaonekana siku hizo alikua hasikilizi metali kabisa akiwa nyumbani kwake. Ukiwa umeshika sufuria inaingia vizuri tu.

Na kama unaweza, msikilizishe mtu asiemjua huyo mwimbaji. Hii ndo hatua muhimu kuliko zote kwenye huu mwongozo na mie niliigundua kwa bahati. Dada yangu alikuja kunitembelea, yeye na magita ya kelele wapi na wapi, kwake ni taarabu na zilipendwa. Nikaiweka ile CD sebuleni bila kusema kitu. Zikapita nyimbo mbili hivi.

"We, huyu nani?"

"Mwimbaji wa bendi moja ya Marekani dada, ya zamani."

Akasikiliza tena kidogo, mkono kwenye ungo, alikua anachambua mchele.

"Ana sauti nzuri huyu. Ila mbona anaimba kama anaogopa kuamsha mtoto?"

Jamani. Mie miezi nilikua natafuta neno la kile kitu, nimeandika kwenye daftari huku na kule, "haina nguvu", "imepoa", "ya kibiashara", na yeye kakitaja na pumba mkononi. Na ona alivyokitaja, kaanza na sifa. Hana Mindcrime kichwani ya kumlinganisha nayo, kwahiyo kasikia vitu viwili ambavyo mie nilishindwa kuvitenganisha, kwamba sauti ipo, na kwamba imezuiwa.

Pima sauti peke yake

Sasa mara ya pili vaa hedifoni zako. Ila fuata sauti tu, magita yaache yapite kama magari barabarani. Unataka kujua jambo moja, je huyu mtu hawezi tena au hataki? Kuna tofauti kubwa mno hapo na watu mitandaoni wanaichanganya kila siku. Kama hawezi, koo limechoka, noti za juu anazikwepa, anazungumza badala ya kuimba, basi usimkasirikie, umri ni umri, na hayo utayakuta kwa wengi tu kwenye kazi za uzeeni. Kama anaweza na hataki, hapo una kesi.

Kwa Tate 2002 anaweza. Sikiliza anavyoishika noti ya katikati halafu anaiachia taratibu, sikiliza anavyozimalizia silabi za mwisho kwa maringo yaleyale ya siku zote, hilo koo lina afya. Hapandi kwasababu kaamua asipande, au kwasababu nyimbo zenyewe hazina ngazi ya kupandia. Mie naamini ni hiyo ya pili na ndo maana inabidi tuongelee ngazi.

Upole sio kosa, usijifiche nyuma ya hilo

Hapa ndo mashabiki wengi wanapotea njia. Wanasema kaacha metali, kaenda kwenye mapenzi na vinanda, ndo maana mbovu. Hapana. Nitakupa nyimbo mbili za huyuhuyu Tate uzipige kabla hujarudi kwenye solo.

Ya kwanza Someone Else?, inafunga Promised Land. Ni kinanda na sauti, basi. Hakuna drami, hakuna gita la umeme, hakuna pa kujificha hata kidogo. Ipige usiku. Mie mpaka leo siwezi kufanya kitu kingine ikiwa inapiga.

Ya pili Silent Lucidity yenyewe. Na hii ndo iliyonimaliza baada ya maneno ya dada, kwasababu huu ni wimbo wa kubembeleza kweli kweli, unaanza na mtu anaemtuliza mwingine alieshtuka usingizini kwenye ndoto mbaya, na mwishoni kabisa ukitega sikio kuna chelo, ile fidla kubwa, inapiga bembelezo la Brahms, lile ambalo hata vijidude vya kuchezea watoto wachanga vinalipiga. Kwahiyo hapa Tate anaogopa kuamsha mtoto kwa kazi! Ndo kazi aliyopewa! Na bado wimbo unapanda. Unaanza na gita moja linadonoa, sauti iko chini karibu na sikio lako, vyombo vya okestra alivyovipanga Michael Kamen vinaingia kwa nyuma kama maji yanavyopanda ufukweni huoni yamepanda saa ngapi, katikati kuna maneno yanasemwa tu, gita linaimba, halafu sauti inafunguka yote, halafu inashuka mpaka kwenye hilo chelo. Pole mwanzo mpaka mwisho na una mlima ndani yake.

Sasa rudi kwenye solo upige wimbo wowote wa polepole, This Moment kwa mfano. Unaanza mahali, unakaa hapohapo, kiitikio kinakuja kwasababu muda wake umefika, ubeti wa pili unafanana na wa kwanza, kiitikio tena, umeisha. Sauti nzuri imesimama uwanjani haina ukuta wa kuegemea wala kilima cha kupanda. Ndo kosa lilipo. Upole hauna hatia hapa, utunzi ndo una hatia.

Geuza kava usome majina

Kwahiyo swali linalofuata ni nani katunga. Siku hizi watu mnasikiliza kwenye simu hamuoni majina, tafuta, yapo, na yanakuambia mengi kuliko uhakiki wowote utakaousoma.

Silent Lucidity katunga DeGarmo peke yake. Tate kaimba, na hakuna mwingine angeiimba vile, lakini mlima kaujenga DeGarmo. Mindcrime nayo angalia majina, ni Tate na DeGarmo na mpiga gita mwenzao Michael Wilton wanapokezana karibu kila mahali. Sasa chukua Suite Sister Mary humo humo, dakika 10 na zaidi, kuna kwaya, kuna Pamela Moore anaimba kama Sista Mary, mhusika wa hadithi ya albamu hiyo, anajibizana na Tate, magita mawili yanamsukuma nyuma kama polisi na mwizi. Ile sauti ya Tate tuliyoipenda ilikua kubwa kwasababu kuna vitu vilikua vinashindana nayo. Ilibidi apande, asingepanda angemezwa.

Kwenye solo alikua na Jeff Carrell na Scott Moughton kwenye gita, Chris Fox besi, Evan Schiller drami, Howard Chillcott kinanda. Wapigaji safi wote, sikiliza uone hakuna aliebugi popote. Lakini jina kwenye kava ni moja, na maoni yangu, sikulazimishi, ni kwamba hakukua na mtu wa kumwambia "kaka hapana, huu wimbo haujaisha, rudi kauandike tena". Kwenye bendi mnagombana miaka 15 mpaka kila mtu ana haki ya kumkera mwenzie, na kule kukerana ndo kulikua kunazijenga zile nyimbo.

Huku kwetu mashabiki wa dansi hili wanalijua siku nyingi. Mwimbaji akihama bendi, swali la kwanza ni kaondoka na nani, mpiga solo kaenda nae au kabaki? Maana kwetu solo ni lile gita la mbele, sio mtu kuwa peke yake. Kwa lugha hiyo tatizo la albamu ya solo ya Tate ni kwamba haina mtu wa solo. (Nilivyoigundua hiyo nilicheka peke yangu kwenye basi mpaka konda akanigeukia.)

Na ukitaka kuhakikisha kwamba sio hadithi tu, jaribu kwa wengine. Bruce Dickinson wa Iron Maiden, sawa sio progresivu hasa lakini nivumilie, alitoka 1993, akahangaika hangaika, Skunkworks ya 1996 mashabiki wengi iliwapita pembeni, halafu 1997 na 1998 ghafla Accident of Birth na The Chemical Wedding, moto mtupu. Kilichobadilika? Koo ni lilelile. Alirudi kufanya kazi na Roy Z, mtu wa kutunga nae, na Adrian Smith akaja na gita lake. Au James LaBrie wa Dream Theater, kazi yake ya kwanza nje ya bendi ya 1999 hata jina lake hakuweza kulitumia akaiita MullMuzzler, Mike Mangini yuko kwenye drami miaka mingi kabla hajaingia Dream Theater, na kwenye kinanda yuko Matt Guillory, ambae akaendelea kua mwenzie wa kutunga. Ndo maana unafika Static Impulse ya 2010 unakuta nyimbo zina mifupa. Sio zote nazipenda lakini zina mifupa. Ray Alder wa Fates Warning vilevile, What the Water Wants ya 2019 ni ya taratibu, haina hesabu nyingi, na imesimama, angalia majina utawakuta wapiga gita Mike Abdow na Tony Hernando wameandika nae.

Kwahiyo kanuni yangu ya kununua: nasoma kwanza nani kashika gita na kama kaandika. Nikikuta mwimbaji na kundi la watu wa kukodi tu, nasubiri nisikilize bure kwanza.

Mara ya tatu na kalamu

Hii fupi. Chukua karatasi, piga albamu yote, kila ukishtuka kwa raha hata kidogo andika wimbo na dakika. Usiandike mabaya, mabaya unayajua tayari. Na usianze na wimbo namba moja kwasababu masikio yameshaukariri na kuuchoka, Flood ndo inafungua, wewe anza mwisho, anza na Over Me urudi nyuma. Utashangaa. Mie karatasi yangu ilitoka na Over Me, Helpless, kipande cha Grain of Faith, na Off the TV ambao umechangamka kidogo kuliko wenzie. Nyimbo tatu na nusu kwenye 11. Sio nyingi, lakini usiku ule na taa imezimwa ningekuambia sifuri.

Kama karatasi imetoka nyeupe kabisa, basi nawe umeshajua, gawa CD.

Angalia kilichofuata

Kazi iliyokuangusha ukiitazama peke yake ni jiwe barabarani, ukiitazama na zilizofuata inakua kibao cha kuonyesha njia. Mwaka mmoja baadae, 2003, Queensrÿche wakatoa Tribe, na nani karudi kusaidia kuandika baadhi ya nyimbo? DeGarmo. Hakukaa, lakini zipige hizo alizoshika uzilinganishe na solo, ni kama mtu kafungua dirisha. 2006 wakaja na Mindcrime ya pili, kurudia hadithi ileile, na pale nikajua kwamba hata ukimpa mtu stori nzuri na magita yake, kama mtunzi hayupo hayupo tu.

2012 Tate na wenzie wakaachana vibaya mpaka mahakamani kugombea jina la bendi, Todd La Torre akachukua nafasi yake, na mwaka huohuo Tate akatoa solo ya pili, Kings & Thieves. Hii ina roki zaidi. Na ajabu ni kwamba mie iliniangusha zaidi ya ile ya kwanza, kwasababu ile ya 2002 angalau alikua anajaribu kua mtu mwingine, alikua na wazo, hii ya pili ilikua inajaribu kukumbuka alikua nani. Unaona sasa faida ya kusikiliza kwa mpangilio? Bila ya 2012 nisingeijua heshima ya 2002.

Kesi ikaisha 2014 kwa makubaliano, wenzie wakabaki na jina la bendi, yeye akabaki na haki ya kuzipiga zile Mindcrime mbili jukwaani mwanzo mpaka mwisho. Akaenda mbali zaidi, bendi yake mpya akaiita Operation: Mindcrime kabisa. Yani ile albamu niliyokua namchapia kama fimbo miaka kumi na kitu, yeye kaichukua kaivaa kama jina.

Mambo madogo madogo

Usinunue kwa bei ya wakusanyaji wa vitu adimu. Kazi za namna hii zinatoka madukani mapema, halafu kuna watu wanaziweka mtandaoni kwa bei kama wanauza kiwanja, kisa "ni adimu". Ni adimu kwasababu hakuna aliezitaka. Mie nimeshaingia huo mkenge kwa albamu ya mwimbaji mwingine, muuzaji akaniambia imefungwa haijaguswa, ikaja na jina la mtu limeandikwa kwa peni ndani ya kava.

Usiende kwenye ukurasa wa msanii kumtukana. Sio kwa adabu tu, ni kwamba haikusaidii, unachotaka ni kueleweka na hapo utajibiwa na mashabiki wake damu wakikuambia hujui muziki, wewe ukajibu, siku imeisha. Ukitaka kuisema vibaya isemee kwa dakika na sekunde: "kiitikio cha wimbo fulani kinarudi mara nne bila kubadilika hata noti moja". Hapo hata anaeipenda atakaa akusikilize, au atakuonyesha ulichokipita, na mie nimeshaonyeshwa mara mbili tatu nikanyamaza.

Usiandike maoni usiku wa kwanza. Nilichokiandika mie usiku wa kwanza nilikichana, na kilikua kirefu kuliko hiki.

Na usiifute. Iache kwenye simu, rudi baada ya mwaka, zile tatu na nusu zako ziweke katikati ya nyimbo za watu wengine, usiziweke kabisa karibu na za bendi yake. Over Me ikija baada ya Queen of the Reich inakufa. Ikija baada ya wimbo wa mtu wa kawaida mwenye gita kavu unaanza kujiuliza huyu ni nani mwenye sauti nzuri hivi.

Ya kwangu mie ipo kwa dada. Aliiomba siku ileile ya mchele, nikampa kwa moyo mweupe nikijua kesho tu atairudisha. Juzi nimeenda kwake kuidai ili niandike huu mwongozo nikiwa na majina ya kava mkononi, nikaikuta iko kwenye redio ya jikoni, kava limelowa mafuta, nusu ya majina hayasomeki. Nikamwambia dada naomba basi CD yangu. Akaniuliza, "Ipi? Ya yule wa kuamsha mtoto? Hiyo si ulisema mbaya?"

Nikaondoka bila CD.